Mzazi Hanyonyeshi Peke Yake

Siku ninayoihofia zaidi kwa mama aliyejifungua si ile ya uchungu. Siku ya uchungu watu wamejaa, simu hazikauki, wakunga wako kazini na kila mtu ana jukumu lake. Ninayoihofia ni siku ya tatu, au ya nne. Pongezi zimepungua. Mama amesharudi nyumbani, nyuzi zinavuta kila akikaa, usingizi umemtupa mkono, na ndipo matiti yanapojaa kwa ghafla mpaka ngozi inang'aa. Mtoto ambaye jana alinyonya bila shida leo anateleza kwenye chuchu na kulia, kwa sababu titi limekuwa gumu na hapati pa kushika. Mama naye analia, mara nyingi bila kujua analilia nini, maana homoni zilizokuwa zikipanda miezi yote ya ujauzito zimeporomoka ndani ya siku chache. Halafu anatokea mtu, mwenye nia njema kabisa, anasema: "Labda maziwa yako hayamtoshi."

Nimewaona wanawake wakiacha kunyonyesha kwa sababu ya maneno hayo manne. Hawakuacha kwa kutojua faida. Faida walizisikia kliniki tangu mimba ikiwa changa, wakaziona kwenye mabango, wakazisoma kwenye simu zao. Walichokikosa ni mtu wa kukaa nao kitandani, akatazama mtoto anavyoshika titi, akasema hapa pana shida na hivi ndivyo tunavyoirekebisha. Kwa hiyo ninapoandika kuhusu maziwa ya mama, nataka hasa kuzungumza na wanaomzunguka mama: mume, mama mzazi, mama mkwe, wifi, jirani, bosi. Yeye mwenyewe ameshaambiwa vya kutosha.

Wifi yangu alipopata mtoto wake wa kwanza, ilifika mahali akiona mtoto anaamka anaanza kukakamaa. Chuchu moja ilikuwa imepasuka na kutoa damu. Alikuwa anauma ncha ya kanga kila mtoto anapowekwa kifuani. Tulimwita mkunga mstaafu tunayemfahamu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alipoingia hakumgusa mtoto. Alinawa mikono, akamwangalia mzazi alivyokaa, akasema, "Mwanangu, kwanza tukuweke wewe sawa." Akamwekea mto mgongoni, mwingine chini ya mkono, mwingine mapajani. Mabega yaliyokuwa yamepanda mpaka masikioni yakashuka.

Kisha akamwonyesha jinsi ya kulainisha titi lililojaa. Vidole viwekwe kuzunguka chuchu, vibonyeze taratibu kuelekea kifuani kwa muda wa dakika moja hivi, kisha akamue maziwa kidogo kwa mkono, basi sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inalegea na mtoto anapata pa kushika. Akamgeuza mtoto ubavu, tumbo lake likagusana na tumbo la mama, pua ikaelekea chuchu. "Usimpelekee titi," alisema. "Mlete yeye kwenye titi. Na usiwe na haraka, ngoja afungue mdomo kama anayepiga mwayo." Mtoto akafungua. Mkunga akamsukuma mgongoni, si kichwani, kidevu kikazama kwenye titi, mdomo wa chini ukabinuka nje. Wifi akashtuka, akangoja maumivu, yakaja kidogo kisha yakapotea. Baada ya muda mfupi tukaanza kusikia mtoto akimeza.

Kabla ya kuondoka, yule mama alimgeukia kaka yangu aliyekuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. "Wewe baba, kila akikaa kunyonyesha, weka maji ya kunywa karibu yake. Akimaliza, mtoto ni wako: mcheulishe, mbadilishe nepi, mbembeleze." Kaka yangu aliitikia, "Sawa, mama," na kusema kweli aliishika kazi hiyo.

Hakuleta dawa yoyote. Ila alichokifanya kinaeleweka vizuri ukijua maziwa yanavyotengenezwa.

Kondo la nyuma likishatoka, homoni ya projesteroni inashuka na mwili unapata ruhusa ya kuanza kutoa maziwa kwa wingi, kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne. Tangu hapo kazi inaendeshwa na homoni mbili. Ya kwanza ni prolaktini, inayopanda kila mtoto anaponyonya na kuyaambia matiti yatengeneze mengine. Usiku inapanda zaidi kuliko mchana, na ndiyo sababu vipindi vya usiku si vya kudharau katika wiki za mwanzo. Ya pili ni oksitosini, inayobana vifuko vidogo ndani ya titi ili maziwa yatiririke kuelekea chuchu. Hii ya pili ina tabia moja muhimu sana: inasikiliza moyo wa mama. Mama akimfikiria mtoto wake, akimnusa, akimsikia akilia, inaweza kutoka hata kabla titi halijaguswa, nguo zikalowa. Akiwa na maumivu, hofu au aibu, inakawia. Maziwa yamo ndani, lakini hayashuki. Mtoto anakasirika, mama anazidi kuhofu, na mkwe aliyesimama pembeni anapata ushahidi aliokuwa akiutafuta.

Kuna jambo la tatu. Titi likikaa limejaa bila kunyonywa wala kukamuliwa, linapunguza kasi ya kutengeneza maziwa. Likitolewa mara kwa mara, linaongeza. Ndiyo maana chupa ya "kumsaidia mama apumzike" katika siku za mwanzo inaweza kugeuka mtego: mtoto ameshiba, hanyonyi, titi linasoma kuwa hakuna anayehitaji, kesho maziwa yanapungua kweli. Ukitaka mama apumzike, mpe usingizi kwa kuchukua kila kazi nyingine iliyobaki ndani ya nyumba.

Sasa, kwa nini tunahangaika hivi? Kwa sababu kinachopiganiwa ni kikubwa. Maziwa ya kwanza, dang'a, yale mazito ya rangi ya manjano, hutoka kidogo kidogo, na kidogo hicho kimejaa kingamwili zinazotanda kwenye utumbo wa mtoto na kuzuia vijidudu visipenye. Wapo wanaoyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu, na kila nikisikia hivyo roho inaniuma. Katika maziwa yanayofuata zimo sukari za aina ya pekee ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Zipo kwa ajili ya bakteria wazuri wanaoishi tumboni mwake, wale wanaowazuia wabaya wasipate nafasi. Na mama akikumbana na vijidudu, mwili wake hutengeneza kingamwili dhidi ya vijidudu hivyo hivyo na nyingine zinapita kwenye maziwa. Mama anayepiga chafya na kukohoa kwa mafua ya kawaida anaendelea kunyonyesha, akinawa mikono na kujifunika mdomo, kwa sababu anamkinga mtoto.

Mtoto anayenyonya anaugua kuhara mara chache, nimonia mara chache, masikio mara chache, na hatari ya kufa ghafla usingizini inapungua. Kwa mama, oksitosini ile ile inakaza mfuko wa uzazi na kupunguza damu inayotoka baada ya kujifungua. Miaka baadaye, hatari yake ya kupata saratani ya matiti na ya ovari, na kisukari cha aina ya pili, inakuwa ndogo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30, ulionyesha kuwa kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 4.3. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la The Lancet lilitoa makadirio kwamba kama karibu watoto wote duniani wangenyonyeshwa inavyopaswa, vifo 823,000 vya watoto walio chini ya miaka mitano vingeepukika kila mwaka, pamoja na vifo 20,000 vya wanawake kutokana na saratani ya matiti.

Ushauri wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF unajulikana: mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aanze chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Takwimu walizozitoa mwaka 2023 zilionyesha kuwa asilimia 48 tu ya watoto wa chini ya miezi 6 duniani wananyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Hawafiki nusu.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote katika suala hili ulifanyika Belarusi. Mwaka 1996 na 1997 waliandikishwa akina mama na watoto zaidi ya 17,000 katika hospitali 31 na kliniki zake. Wote hao walikuwa wameshaanza kunyonyesha. Baadhi ya hospitali zilichaguliwa kwa kura, wahudumu wake wakafundishwa namna ya kumsaidia mama anayenyonyesha. Nyingine ziliendelea kama kawaida. Mtoto alipofika miezi mitatu, waliokuwa wakinyonyeshwa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 43.3 katika kundi la kwanza na asilimia 6.4 katika kundi la pili. Hebu zirudie kuzisoma namba hizo. Wanawake wa nchi moja, wenye nia ile ile ya kunyonyesha, na tofauti iliyokuwapo ni mafunzo ya wale waliowahudumia. Na watoto wa kundi la kwanza waliugua matumbo mara chache kuliko wa kundi la pili katika mwaka wao wa kwanza. Kwangu mimi utafiti huu unafunga mjadala wa nani "ameshindwa" pale mama anapoacha mapema.

Nirudi kwenye yale maneno manne, kwa sababu hofu ya maziwa kutotosha ndiyo nzito kuliko zote na haiondoki kwa kuambiwa usiogope. Mama anahitaji vitu vya kuangalia kwa macho yake. Kulia peke yake si kipimo. Mtoto hulia kwa joto, kwa baridi, kwa kutaka kubebwa. Kunyonya mfululizo jioni si kipimo pia. Watoto wengi hufanya hivyo, hasa wanapokua kwa kasi. Matiti kulegea baada ya wiki chache si dalili ya kukauka, ni mwili umezoea kutengeneza kiasi kinachotakiwa. Mtoto mchanga kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, ni jambo la kawaida kabisa.

Cha kuangalia ni kinachotoka na uzito. Kuanzia siku ya tano hivi, mtoto anayepata maziwa ya kutosha analowesha nepi sita au zaidi kwa siku, mkojo wake ukiwa wa rangi hafifu, na choo kimeshatoka kwenye weusi wa siku za mwanzo na kuwa cha njano. Unamsikia akimeza. Akimaliza, mikono yake iliyokuwa imekunjwa ngumi imelegea. Kupungua uzito kidogo siku za kwanza ni kawaida, ila akipoteza zaidi ya asilimia 10 aangaliwe haraka, na anapaswa awe amerudia uzito wake wa kuzaliwa anapokaribia wiki mbili.

Na hapa sitaki kuzungusha maneno. Mtoto anayelala mno mpaka haamki kunyonya, anayekojoa mara chache mkojo mzito, ambaye macho na ngozi vinazidi kuwa vya njano, au mwenye homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wapo akina mama ambao maziwa yao hayafiki kiwango, kwa sababu ya upasuaji wa matiti wa zamani, kupoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, au matatizo ya homoni. Ni wachache, lakini wapo. Kumpenda mama na kuyapenda maziwa yake hakumaanishi kumwacha mtoto na njaa ili tuthibitishe msimamo. Anapohitaji kuongezewa, aongezewe kwa maelekezo ya mtaalamu, na mama aendelee kusaidiwa kulinda maziwa aliyonayo kidogo.

Jambo jingine linaloharibu bila kelele ni maji. Mtu anaona jua limewaka, anamwonea mtoto huruma, anampa vijiko viwili vitatu. Karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji. Mtoto wa chini ya miezi 6 akiwa na kiu, dawa yake ni titi. Maji yanamjaza tumbo dogo bila kumlisha, na yakiwa si salama yanamletea kuhara. Anayepaswa kunywa maji ni mama.

Kwa wageni: wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hakuna nyumba inayostahili mgeni wa namna hiyo kuliko yenye mzazi. Ukienda, usimtoe mtoto mikononi mwa mama yake kisha ukamwacha yeye anahangaika jikoni kukuandalia. Osha vyombo vilivyomo. Fua nguo zilizolowa. Kama ana mtoto mwingine mkubwa, mchukue mkacheze, maana huyo naye ameyumba. Muulize mama amekula saa ngapi; mwili wake unatumia nguvu nyingi zaidi kuliko alipokuwa hana mtoto, na wazazi wengi wanashinda na kikombe cha chai kilichopoa. Ukiwa na ushauri, ushike kwanza. Akiuliza, mjibu. Na usikae sana.

Kwa mume nina maneno machache zaidi. Huna maziwa, ila una mlango, na kazi yako ni kuamua nani anaingia, anakaa kwa muda gani, na anasema nini. Mama yako akianza kusema mtoto amekonda, wewe ndiye wa kumwambia kwa heshima, "Mama, tumempima jana, uzito unaongezeka." Mkeo asiachiwe vita hivyo akiwa amejifungua juzi.

Mtazame pia yeye, si mtoto peke yake. Machozi ya siku za mwanzo huwapata wengi na hupita yenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Yasipopita, au akiwa hapati usingizi hata mtoto akiwa amelala, hana hamu ya kitu, anajiona hafai kuwa mama, hiyo inaweza kuwa sonona, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata matatizo ya afya ya akili, sonona ikiwa ya kwanza. Haitibiwi kwa kuambiwa amshukuru Mungu. Apelekwe kwa daktari. Zipo dawa ambazo mama anaweza kuzitumia huku akinyonyesha. Akitamka kutaka kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata kidogo, na apelekwe hospitali papo hapo.

Kuhusu maziwa ya kopo nitasema moja. Mei 1981 Baraza la Afya Duniani lilipitisha Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Vibadala vya Maziwa ya Mama, kwa kura 118 za kuunga mkono na moja tu ya kupinga, ya Marekani. Kanuni hiyo inakataza kuyatangaza kwa umma na kugawa sampuli za bure kwa wajawazito na wazazi. Haikupiga marufuku kuyauza, kwa sababu wapo watoto wanaoyahitaji. Ilichokilenga ni ile hali ya mama mchovu kuuziwa mashaka kuhusu mwili wake mwenyewe, na matangazo ya siku hizi yanayomfuata mpaka kwenye simu saa nane za usiku ni biashara ile ile.

Kisha inakuja kazi. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, na mama akirudi apewe mapumziko ya kunyonyesha kila siku, yanayohesabiwa kuwa ni muda wa kazi na kulipwa. Linganisha wiki 14 na miezi 6, utaona pengo ambalo mama anaachiwa alizibe mwenyewe. Nimesikia wengi wakisimulia jinsi walivyokamua maziwa chooni, wamesimama, wakihofia mtu atagonga mlango, na tumeshaona hofu inavyoizuia oksitosini. Kinachohitajika ni chumba kidogo safi chenye kufungika, kiti, mahali pa kunawa mikono na sehemu ya baridi ya kuhifadhia. Maziwa yaliyokamuliwa kwenye chombo safi hudumu kwa muda wa saa 4 katika chumba kisichozidi nyuzi joto 25, hadi siku 4 kwenye jokofu, na kwenye friza ni vizuri yatumike ndani ya miezi 6. Bosi anayeshindwa kutoa chumba hicho asishangae mfanyakazi wake akiomba ruhusa kila wiki kumpeleka mtoto hospitali.

Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI na anayetumia dawa zake ipasavyo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema katika nchi ambako kunyonyesha ndiyo njia inayopendekezwa kwao anaweza kunyonyesha kwa angalau miezi 12, na akaendelea hadi 24 au zaidi kama wengine. Ninalisema kwa sababu bado wapo wanaonyang'anywa watoto kifuani na ndugu waliosikia ushauri wa miaka mingi iliyopita. Aulizwe mhudumu anayemfuatilia, ndugu wakae pembeni.

Na yule ambaye hakuweza, au aliyejaribu mpaka akachoka akaacha, asihojiwe. Usimuulize "kwa nini humnyonyeshi?" mbele za watu, hujui alichopitia usiku. Yeye pia ana nyuzi zinazovuta na anahitaji vyombo vioshwe, mtoto abebwe apate kulala, chupa zichemshwe vizuri na maziwa yachanganywe kwa kipimo kilichoandikwa. Mtoto wake anahitaji kulazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, sawasawa na mtoto mwingine yeyote. Kama bado yumo kwenye wiki za mwanzo na anatamani kujaribu tena, maziwa yanaweza kurudishwa kwa kumweka mtoto kwenye titi mara kwa mara na kukamua, akiwa na mtu anayejua kazi hiyo kando yake. Mwulize kama anataka mtu huyo aitwe.